Motokari Iliyokatwa kwa Sauti ya Vinu Vitupu

Mwaka ule tulikula papai bichi. Ukisikia muntu wa Kindu anasema "mwaka wa papai", usimuulize ni mwaka gani, tarehe hatukushika. Tulilimenya lingali linatoa maziwa, tukalichemsha, tukaliponda kama bugali, na pembeni matembele bila chumvi na bila tone la mawese. Mashamba yalibaki nyuma ya watu wa bunduki, na muntu aliyekwenda kuchimba muhogo wake mwenyewe hakujua kama atarudi. Papai likaisha, tukachemsha mizizi ya mugomba. Njo mwaka ule nilijifunza kazi ya kupiga bati la motokari, na niliifanya mpaka magoti yakakataa.

Ninyi vijana munaoanza kazi hii, nawaambia haya leo kwa sababu kuna jambo limenikaba. Tangu juma hili lianze, motokari moja nyekundu iko ndani ya uwanja wa garaji ya mujukuu wangu Zuena. Ni motokari ya mbio, milango miwili, ya chini kama imbwa aliyelala. Imezeeka na imetembea sana. Mwenyewe anaitwa Sefu, kijana wa watu wa biashara, ameishusha kutoka treni ya kusini, anataka irudi mupya: bati, rangi, motere, njo injini, viti, yote. Anataka kumubebea bibi-arusi wake ndani yake, halafu aendelee kuikimbiza. Na amesema hataki neno la fundi mwingine ila langu, miye Mama Salima.

"Mama Salima akisema inafaa, tunaanza kesho. Akisema haifai, naibeba."

Zuena anaitaka kazi ile kama muntu wa kiu anavyotaka maji. Siku hizi Kindu imejaa pikipiki, na wenye pikipiki wanazitengeneza wenyewe kando ya barabara. Motokari kwake haziji. Familia ya Sefu ina malori, na Sefu amemuahidi: hii ikitoka vizuri, malori yote yatakuja kwake. Garaji itaishi. Isipotoka, Zuena atafunga mulango na kwenda kutafuta maisha kule mji wa Kama, kwenye mashimo ya dhahabu, mahali mwanamuke anaheshimiwa kidogo kuliko koleo.

Na miye motokari ile naijua. Niliikata nusu mbili, kwa musumeno, miye na marehemu Fundi Idi. Tangu iingie hapa silali vizuri.

Bon, kwanza niwaambie namna ya kuangalia motokari ya zamani, musije mukadanganywa na rangi. Musianze na kontere. Ile namba ya kilometa muntu anairudisha nyuma na bisibisi, halafu anakuapia kwa jina la mama yake. Angalieni pedali. Kontere ya Sefu inasema motokari hii ni kijana, lakini mupira wa pedali ya mafuta umekwisha mpaka chuma kinang'aa. Angalieni usukani pale vidole vinaposhika, angalieni kiti cha dereva upande anaopandia. Halafu chukueni sumaku, ile inayotoka kwenye redio iliyokufa, muitembeze juu ya bati. Ikishika, ni chuma. Ikianguka, ni mastiki, ule unga wanaopaka kufunika matundu, na hapo munanunua mukate uliopakwa rangi.

Na kisha mugonge. Fundi Idi alinifundisha kugonga kwa kifundo cha kidole. "Gonga kama unagonga mulango wa mukwe wako," alisema, "kwa adabu, na usikilize kama kuna muntu ndani." Bati zima linaitika. Bati lililooza linakohoa. Mastiki inanyamaza.

Siku motokari ilipoingia niligonga kuanzia kapo, kile kifuniko cha motere, nikapita tairi la mbele, nikapita mulango. Nilipofika nyuma kidogo ya mulango, mukono ukakataa. Nikaruka mahali pale, nikaendelea nyuma.

Zuena ana macho. "Koko, mbona hapo umeruka?"

"Jua limenipiga machoni."

"Jua liko mugongoni mwako, koko."

Nikamwambia aniletee maji ya kunywa.

Mume wangu alikuwa muntu wa reli. Kabla ya vita kufika kwetu alipanda treni kwenda Kalemie kwa kazi ya juma moja, njia ikafungwa nyuma yake, na alirudi baada ya miaka, na meno machache. Nilibaki na binti yangu Salima, mutoto wa kubeba mugongoni. Fundi Idi alikuwa jirani, fundi bati, muzee mwenye mabega kama mulango. Vijana wake wote walikimbilia musituni upande wa Pangi. Kazi ya bati inataka mikono minne: mumoja anapiga nyundo mbele, mwingine anashika kipande cha chuma nyuma ya bati ili pigo lisipotee. Siku moja nilikwenda kwake kuomba makaa. Akanitazama mikono.

"Weye unatwanga majani ya sombe?"

"Ningelikuwa nayo, ningeitwanga."

"Basi shika chuma hiki. Usifumbe macho nikipiga."

Nilifumba. Nilifumba mwezi muzima. Kidole changu hiki cha kati, munaona hakinyooki, njo ada niliyolipa ya shule.

Motokari nyekundu ilikuwa ya Muzee Ramazani, koko yake Sefu, babu yake, mufanyabiashara wa avenue yetu, mutaa wetu huu. Kitu alichokipenda kuliko motokari ile ni sala tu, na hata hapo sina hakika. Watu wa bunduki walikuwa wanazoa kila motokari inayotembea. Ukitoa matairi, wana matairi. Ukitoa batri, wana batri. Na wakiona umeficha, wanakuchukua pamoja nayo ukasukume. Muzee akaja kwa Fundi Idi, kofia mukononi.

Fundi Idi akasema: "Muzee, tuwaonyeshe kitu ambacho si motokari tena."

Kuifungua vipande ilishindikana, buloni, zile skurubu za kukaza bati, zilikuwa zimeshikana na kutu na funguo zetu zilikuwa tatu. Njo akaamua kuikata. Tukatoa motere kwanza, halafu tukaanza na musumeno wa chuma, nyuma kidogo ya milango, kutoka paa mpaka sakafu.

Sasa musumeno kwenye bati hauimbi. Unalia kama nguruwe anayechinjwa. Tulikata kidogo tu, nikamwambia Fundi, "Watatusikia mpaka ng'ambo ya muto." Njo nikawaza kutwanga. Katika mji wetu sauti gani hakuna muntu anaishangaa mchana? Sauti ya kinu. Nikawaita wanawake wane wa avenue, waje na vinu vyao.

"Tutwange nini, Mama Salima?" mumoja aliniuliza. "Nyumbani kwangu hata jani halimo."

"Mutwange hewa."

"Na tukishatwanga, tutaisonga bugali?"

"Twanga, dada, utakufa baadaye."

Wakatwanga. Vinu vine vitupu, tu, tu, tu, tu, na siye chini ya ile sauti tunakata. Nilijisifu. Nilijiona mwenye akili kuliko Kindu yote. Na kosa langu lilikuwa pale pale: mwaka ule hakuna muntu aliyekuwa na kitu cha kutwanga. Mji muzima ulikuwa kimya, vinu vimelala, na kwetu peke yetu kunasikika kama kuna harusi. Muntu wa bunduki mwenye njaa akisikia kinu, anafuata kinu.

Nusu mbili zilikuwa zimeshaachana alipoingia mumoja wao, kijana, bunduki inamuburuza. Wanawake wakaganda. Akachungulia kinu cha kwanza. Kitupu. Cha pili. Kitupu.

"Munatwanga nini?"

Jirani yangu mumoja, Mungu amulaze pema, akasema: "Tunafanya mazoezi, bwana. Tusisahau."

Halafu akageuka kwa Fundi Idi, aliyekuwa ameketi juu ya musumeno kuuficha, na nyuma yake nusu ya motokari imesimama wima, tumbo wazi.

"Na hii nini?"

"Banda la kuku."

"Kuku wako wapi?"

"Mulishawala."

Nilisema moyoni, hapa njo tunakufa. Yule kijana akakunja uso, halafu kicheko kikamutoka puani, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaokota ganda la papai lililokuwa chini, akalitafuna, akaenda. Fundi Idi hakuinuka upesi. Alipoinuka, suruali yake ilikuwa imechanika na meno ya musumeno, na damu inatoka mahali ambapo siwezi kupasema mbele ya vijana.

Nusu ya mbele ikawa banda la kuku wasiokuwako. Nusu ya nyuma tukaipindua, ikawa kipaa cha kufunika kuni. Ilibaki motere. Muzee Ramazani alikuwa na pipa moja la mawese, alilificha tangu mwanzo. Akasema motere izamishwe mule, isishike kutu. Na pipa likae jikoni mwangu, chini ya kuni, maana nani atatafuta vitu vya motokari kwa mwanamuke asiye na mume?

Tuliishusha motere ndani, miye nimeshika upande mumoja, na mawese yakapanda mpaka ukingoni, mekundu, yananukia. Tumbo langu likalia kwa sauti mbele ya wanaume. Muzee akafunika pipa na kipande cha manjanja, bati la paa, akaniambia: "Nakuamini, binti."

Salima alikuwa amevimba miguu. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu kama nyuzi za mahindi. Ninyi hamujaona mutoto wa namna ile, na musione. Nililala siku tatu karibu na chakula cha kumuponya, na kile chakula kilikuwa kinanywewa na chuma.

Siku ya nne nikatia kijiko. Halafu kopo. Mafuta yakishuka chini ya ukingo itaonekana, basi nikaongeza maji. Mupishi gani hajui maji yanakwenda chini na mafuta yanabaki juu? Nilifurahi hata: juu panabaki pekundu, Muzee akifunua kuangalia, pipa limejaa. Kitu nilichokisahau ni kwamba kule chini, maji yanapokwenda, njo kuna motere.

Harufu ya mawese haikai katika nyumba moja. Wale wanawake wane wakaja mumoja mumoja, wakasimama mulangoni na mutoto mukononi. Niliwagawia. Kila nikigawa, nikaongeza maji, na kila nikiongeza maji, nikasikia hatua za Muzee Ramazani barabarani, hata kama ni mbuzi anapita. Miguu ya Salima ikarudi miembamba. Akaanza kucheka. Miye nikaanza kukonda, kwa woga.

Vita ilipotulia tukatoa motere. Juu ilikuwa inang'aa. Kuanzia katikati kwenda chini, kutu tupu, mutari umenyooka kama umepimwa na rula, kama muntu aliyevaa suruali nyekundu. Fundi Idi akaitazama. Akanitazama. Akamutazama Salima, anakimbia uwanjani na mashavu yake. Akapangusa mikono taratibu.

"Mawese ya mwaka ule," akasema, "yalikuwa mabaya."

Mpaka anakufa hakurudia neno lile, wala kwa Muzee hakulipeleka. Tulitafuta vipande vingine huku na huku, motere ikawaka, ikapiga moshi kama jiko la kuni mbichi, ikaenda.

Lakini sikilizeni jinsi tulivyoiunga ile motokari, maana hapo njo kuna hatari. Bati jipya halikuwako. Sakafu tuliipiga kiraka kwa bati la pipa, lile lile la mawese. Kupima kama imenyooka tulipima kwa kamba ya kuanikia nguo, kona mpaka kona, na kamba ya nguo inavutika. Muchana ndefu, asubuhi fupi. Tulipomaliza, motokari ilitembea upande, kama imbwa anayemukimbilia bwana wake: kichwa kinakwenda huku, matako yanakwenda kule. Watoto walicheka. Fundi Idi hakucheka. Alimuita Muzee pembeni, nami nikasikia.

"Muzee, imeungwa. Haijapona. Usiikimbize, na usipakie watu."

Muzee Ramazani alisikia. Aliiendesha kwenda musikiti na kurudi, baiskeli zinamupita, anazipigia honi kwa furaha. Alipofariki, wanawe wakaipakia kwenye treni kwenda Lubumbashi, kwenye lami. Nilikuwa pale kwenye gare ya treni. Niliona inapandishwa. Ningesema sentensi moja tu: hii tuliikata. Lakini ningeulizwa la kwanza, halafu la pili, halafu motere, halafu pipa. Nilipunga mukono.

Tangu siku ile, kila nikisikia kuna ajali ya motokari kule kusini, naulizia rangi. Miaka yote hiyo. Watu wanaulizia majina ya waliokufa, miye naulizia rangi.

Jana nikamuita Sefu. Nilitia mufuko wa simenti nyuma ya viti, nikamwambia aketi kwa dereva, Zuena aketi pembeni, wafunge milango. Sefu ni muntu wa kimo, anakula vizuri.

"Sasa fungueni."

Zuena akasukuma. Mulango ukakataa. Sefu akasukuma na bega, akacheka, akasukuma tena, hakucheka. Motokari nzima, uzima wake uko mugongoni. Mugongo ukivunjika, watu wakiketi ndani inajikunja katikati, na milango inabanwa. Hii njo njia ya kuijua, wala haitaki mashini ya kupimia. Wakatoka kwa dirisha, Sefu kwa shida, kiatu kimoja kikabaki ndani.

Njo nikagonga pale nilipoparuka. Ilinyamaza. Nikachukua patasi, nikapiga mara moja, mastiki ikaanguka kama maganda, na ndani mukaonekana bati la pipa, jeusi, linavunjika kwa vidole. Nikawaambia yote. Musumeno, vinu, kamba ya nguo. Nikafika kwa mawese, nikasema na hilo pia. Nikamungoja Sefu aniite mwizi.

Sefu akakaa juu ya tairi, amevaa kiatu kimoja. "Kumbe koko yangu alilisha avenue nzima na hakujua," akasema. Macho yake yalikuwa na maji. "Mama Salima, sasa ndiyo lazima itengenezwe. Kitu kama hiki hakitupwi."

"Koko, leo tuna chuma kizuri," Zuena akadaka. "Tuna moto wa kuungia. Nitaweka shasi nyingine chini, nitaipima sawasawa, si kwa kamba."

"Utaiunganisha na nini, mutoto wangu? Chuma kipya unakishika kwenye chuma. Hapa umebaki na kutu mbele na kutu nyuma. Ukitoa kilichooza chote, utabaki na honi."

"Basi tuifanye kwa macho tu," Sefu akasema. "Rangi, viti. Siku moja ya ndoa. Nitaendesha polepole, nakuapia."

Nilimuona bibi-arusi ndani yake, na shela, na mulango usiofunguka. Nikasema: "Motokari hii sitaitengeneza, na muntu wa nyumba yangu hataigusa."

Sefu akainama, akatafuta kiatu chake. Zuena hakuinama. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Tangu kuzaliwa hajanipandishia sauti, na jana pia hakuipandisha, njo maana iliniuma zaidi.

"Koko, weye ulikula motere ile. Mama yangu aliikula, akapona, na miye nimetoka humo. Na leo zamu yangu ya kula imefika, unaniambia nisile?"

Nikamutazama machoni mutoto wa Salima, nikasema:

"Motokari hii sitaitengeneza, na muntu wa nyumba yangu hataigusa."